Utamu wa Namna Mbili: Kuhakiki Shalimar na Angel

Mwezi wa Mfunguo Pili uliopita, mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, aliniletea chupa mbili ndogo zilizofungwa katika leso, akaziweka mezani baina ya kamusi na kikombe cha kahawa, akaniambia: "Mjomba, wewe ndiye mwenye kuyajua maneno. Nichagulie." Watu wa upande wa mume walikuwa wameuliza ni manukato gani yatiwe katika sanduku la biharusi, naye alikuwa amekwama baina ya mawili, yote matamu, yote ya joto: Shalimar ya nyumba ya Guerlain, na Angel ya Thierry Mugler. Nilimwambia kwamba maneno ni jambo moja na pua ni jambo jingine. Akanijibu kwamba miaka yote amenisikia nikisema kuwa shairi zuri hunukia. Nikakosa la kujibu.

Basi nimeyavaa manukato hayo kwa siku kumi na nne, Shalimar mkono wa kulia na Angel mkono wa kushoto, wala sioni haya kulisema hilo katika kurasa hizi, kwani mwanamume wa pwani kujitia manukato kabla ya sala ya Ijumaa si jambo la kuulizwa. Nakiri hata hivyo kwamba haya mawili huuzwa kwa wanawake, na kwamba kinyozi wangu, baada ya kuninusa siku ya tatu, aliniuliza kama naoa tena.

Huenda msomaji akauliza ni kwa haki gani manukato yahakikiwe katika jarida la mashairi. Jawabu langu ni kwamba manukato yana mtungaji, yana mwanzo na kati na mwisho, na hayasomeki kwa mara moja. Yale yanayokupokea mlangoni siyo yatakayolala nawe. Mtu anayenusa kizibo dukani akatoa hukumu ni sawa na msomaji aliyesoma mshororo wa kwanza wa utenzi akaufunga. Hivi ndivyo wengi wetu tununuavyo manukato, na nachelea kuwa hivi ndivyo wengi wetu tusomavyo mashairi.

Kabla ya yote, nina kero ya mfasiri ambayo lazima niitoe. Manukato ya jamii hii huelezwa huko yatokako kwa maneno matatu: ya joto, matamu, na ya "amber". Kila moja kati ya hayo likivuka bahari kuja kwetu huingia maji.

Tuanze na joto. Wazungu wanaposema kwamba harufu fulani ni ya joto wanaisifu, kwa sababu wao wana miezi ya theluji, na harufu ya namna hiyo kwao ni kama blanketi au moto wa mekoni. Sisi joto tunalo la bure. Mwezi wa pili, kaskazi ikitulia na jua likakaza, hakuna mtu katika kisiwa hiki atakayetoa fedha yake kununua joto zaidi. Lugha yetu yenyewe inashuhudia: tukifurahi husema tumeburudika, na hiyo burudani yetu mzizi wake ni ubaridi. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mhakiki wa hapa anapaswa kuyauliza manukato haya ni swali ambalo mhakiki wa Paris halimjii: yatafanya nini pale ambapo baridi waliyotungiwa haipo?

Kisha tamu. Utamu kwetu ni wa ulimi na wa sikio, na wa usingizi pia. Pua tumeipa kitenzi chake peke yake, na ni kitenzi cha ajabu, maana kunuka ni uvundo, ukipachika irabu moja tu kunuka kukawa kunukia, uvundo umegeuka manukato. Sijui kama wako watu wengine duniani walioiweka tofauti ya choo na chetezo katika irabu moja. Lakini naitaja si kwa ajili ya kujisifu lugha. Naitaja kwa sababu, kama tutakavyoona, moja kati ya manukato haya mawili liliijua siri hiyo ya kwamba uvundo na manukato ni ndugu.

La tatu ndilo mtego hasa. Mfasiri asiye mwangalifu akikutana na neno "amber" katika maelezo ya manukato ataandika ambari, na atakuwa amewapotosha wasomaji wote wa pwani. Ambari yetu ni ile inayotoka tumboni mwa nyangumi, ikaelea miaka baharini hadi ikatupwa ufukoni. Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani hii katika karne ya 10, aliiandika miongoni mwa mali za nchi ya Zanj. "Amber" ya watengeneza manukato si hiyo, wala si lile jiwe la utomvu linalofanywa tasbihi. Ni mapatano tu: mchanganyiko wa utomvu wa labdanamu, vanila na uvumba wa jawi, uliopewa jina la kitu ambacho hakimo. Katika miaka ya karibuni wenye biashara wameanza kuitumia "amber" kuwa jina la jamii nzima ambayo zamani waliiita "ya mashariki". Wameliacha hilo la zamani kwa kuona haya, na vyema, kwani siku zote nilikuwa nikijiuliza: mashariki ya nani? Kwetu sisi, mashariki ni pale linapotoka jua, na pana bahari tupu mpaka Bara Hindi.

Na Hindi ndiko inakotuelekeza Shalimar, au inakodai kutuelekeza.

Shalimar ilionyeshwa kwa watu mwaka 1925, katika Maonyesho ya Kimataifa ya Sanaa za Mapambo yaliyofanyika Paris. Mtungaji wake ni Jacques Guerlain. Chupa yake, iliyobuniwa na Raymond Guerlain na kutengenezwa na mafundi wa vioo wa Baccarat, ina umbo la birika la chemchemi lenye kizibo cha buluu kama upepeo. Jina ni la bustani, na kisa kinachotembea pamoja na chupa ni cha mfalme Shah Jahan na mkewe Mumtaz Mahal, yule aliyejengewa Taj Mahal, wakipendana chini ya miti ya Shalimar. Kisa kizuri. Lakini bustani ya Shalimar ya Lahore, aliyoijenga Shah Jahan, ilijengwa mwaka 1641 na 1642, na Mumtaz Mahal alikwisha fariki tangu 1631. Kama wawili hao walitembea pamoja katika Shalimar yoyote, basi ni ile ya Kashmir, iliyoanzishwa mwaka 1619 na Jahangir, babake Shah Jahan, na yeye aliianzisha kwa ajili ya mke wake mwenyewe, Nur Jahan. Sisemi haya ili kuharibu mapenzi ya mtu. Nasema kwamba jina hili ni ndoto ya mji wa Paris kuhusu nchi isiyokuwa yake, na ndoto ya namna hiyo mhakiki anapaswa kuitenga na kazi kabla ya kuinusa.

Kazi yenyewe haina haja ya ndoto hiyo. Husimuliwa kwamba Jacques Guerlain aliwahi kuimimina etili vanilini, dawa ya maabara yenye nguvu kuliko vanila ya mmea, ndani ya Jicky, manukato ambayo ami yake Aimé aliyatunga mwaka 1889, na kwamba Shalimar ilizaliwa katika mmimino huo. Iwe kweli au isiwe, pua inakubali. Ukiipaka, kinachokujia kwanza si utamu hata kidogo. Ni bergamoti, tunda la Calabria, ndugu wa ndimu na chungwa, na ni nyingi mno, kali, yenye uchungu wa ganda. Kwa robo saa humdhihaki yule aliyeahidiwa utamu. Halafu, chini ya ukali huo, moshi. Ipo harufu ya ngozi iliyofukizwa, ipo ile manemane tamu itokayo Somalia na Ethiopia ambayo mafundi huiita opoponaksi, na ipo zabadi, ile ya fungo, ambayo ikiwa peke yake mtu hukimbia. Ndani ya mkusanyiko huu ndimo vanila inapoingia, polepole, na inapoingia haiji kama keki. Huja kama mtu mzima aliyekaa karibu na chetezo muda mrefu, na nguo zake zinasimulia.

Hapa ndipo ile irabu moja inaporudi. Fundi huyu alijua kwamba utamu usiopingwa na kitu huchusha, akatia kinachonuka ili kinachonukia kipate nguvu. Washairi wetu wakubwa wa mapenzi wote walijua hivyo. Shairi lenye asali katika kila kina, hufiki ubeti wa tano bila kutaka maji.

Lazima sasa niseme jambo ambalo ningependa kulificha, kwa sababu msomaji ana haki ya kujua mizani yangu imeegemea wapi. Shalimar ndiyo aliyokuwa akiivaa dada yangu. Aliletewa chupa moja na jamaa kutoka Maskati katika miaka ya 1980, akaitumia Idi mbili na harusi za watu wa karibu tu, na siku nyingine zote chupa ililala kabatini, imezongwa kanga. Alipofariki palibaki kiasi cha kina cha ukucha. Nilipoifungua hii mpya aliyoniletea mpwa wangu, nilitarajia dada yangu aingie chumbani. Hakuingia. Aliingia mtu mwingine, mwenye sura yake, kama binamu aliyekulia ng'ambo.

Nilikasirika kwanza. Nikadhani nimedanganywa. Baadaye, kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri, nilianza kulitazama jambo hili kwa jicho la kazi. Manukato yanayoishi karibu miaka mia moja hayabaki andiko lilelile. Zabadi ya fungo wa kweli imeachwa, na badala yake zimewekwa za maabara. Mafuta ya bergamoti siku hizi huondolewa bergapteni, kwa kuwa kitu hicho huunguza ngozi ikipigwa na jua, na kanuni za wenye tasnia zinakipiga vita. Kwa hiyo kila baada ya muda mtungaji mwingine huketi mbele ya Shalimar na kuifasiri upya kwa lugha ya dawa zilizoruhusiwa, chini ya jina lilelile. Mimi nimeifasiri kazi ya mtu mmoja mara tatu katika maisha yangu, na kila mara niliamini kuwa sasa nimempata. Sina haki ya kumrushia jiwe mfasiri wa Shalimar.

Na liko jambo jingine, chungu zaidi. Chupa ya dada yangu ilikaa miaka mingi katika kabati la nyumba yenye bati, katika joto hili. Joto huua sehemu ya juu ya manukato kwanza. Bergamoti hufa kabla ya vanila kwa miaka mingi. Ile Shalimar niliyoijua mimi, nzito, ya moshi na utamu tu, haikuwa Shalimar ya mwaka 1925 wala ya kiwanda cha wakati wake. Ilikuwa nakala iliyopotewa na kurasa za mwanzo. Ile niliyoiona mgeni ndiyo iliyo karibu zaidi na asili, walau katika ubeti wake wa kwanza. Nilikaa na fikra hiyo siku mbili bila kuvaa chochote.

Nisiache vanila ipite bila kumtaja mtu wake. Mmea huu asili yake ni Meksiko, na ulipoletwa katika visiwa vya bahari yetu ulitoa maua lakini haukuzaa, maana mdudu wa kuyapandisha alibaki kwao. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, ambacho zama hizo kiliitwa Bourbon, mtoto wa miaka kumi na miwili, mtumwa, aitwaye Edmond, aligundua namna ya kulipandisha ua kwa kijiti na kidole gumba. Kwa kidole hicho vanila ikaenea Madagaska na Ngazija, na hata hivi leo wapandishaji wa vanila hufanya kama alivyofanya yeye. Utumwa ulipofutwa mwaka 1848 alipewa jina la pili, Albius. Alikufa maskini mwaka 1880. Utamu wa joto katika kila chupa ya namna hii una deni kwake, na wala hakuna chupa iliyopewa jina lake. Bustani ya wafalme ilipewa.

Sasa Angel. Nitakuwa mkweli: nilikusudia kuimaliza kwa aya moja.

Ilitoka mwaka 1992. Thierry Mugler, aliyefariki Januari 2022, alikuwa mbunifu wa mavazi, na alitaka harufu ya utoto wake, ya viwanja vya sherehe na sukari iliyosokotwa kama pamba. Mtungaji, Olivier Cresp, alimpa hiyo sukari kwa etili maltoli, dawa iliyokuwa ikijulikana zaidi na watengeneza vyakula kuliko na watengeneza manukato. Chupa ni nyota, maji yake buluu. Mtu akiivaa, watu wa chumba cha pili wanajua. Nilipoipaka siku ya kwanza nilikumbuka methali yetu ya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Angel hujitembeza mtaa mzima, na ikifika mwisho wa mtaa hugeuka ikarudi.

Lakini siku ya tano ilinishika. Nilikuwa nimeinua mkono wa kushoto kuufikia msahafu rafuni, na harufu iliyonijia haikuwa sukari. Ilikuwa udongo. Udongo wa masika ya kwanza, na sanduku la mbao lililofunguliwa baada ya miaka, na majani makavu. Hiyo ni pachuli, jani la Indonesia, na Cresp ameitia kwa wingi usio na haya, ikabeba sukari yote mgongoni. Watu hudhani Angel ni peremende. Peremende ni nusu yake. Nusu ya pili ni ghala. Na kama yapo manukato yenye haki ya kudai undugu na Bara Hindi, basi haya yanayo bila kujigamba, kwani katika karne ya 19 shali za Kashmir zilisafirishwa kwenda Ulaya zikiwa zimetiwa majani ya pachuli ili nondo wasizile, na wanawake wa huko wakaizoea harufu hiyo kuwa dalili ya shali ya kweli. Mumtaz Mahal hakuhitajika.

Na ile sukari, nilipoacha kuionea kinyongo, niliitambua. Si ya pamba za viwanja vya Ufaransa, ambazo sikuzijua utotoni. Ni ya chini ya sufuria ya halua, pale sukari inapokaribia kuungua na mpishi anaanza kupiga mwiko kwa pupa. Ni ya sukari guru. Ni ya Mnazi Mmoja jioni ya Idi pili, mtoto ana sarafu zake mkononi na kila kitu kinauzwa. Etili maltoli haina ukale wowote, haijui bustani ya mfalme yeyote, lakini iligonga mlango ambao Shalimar haikuugonga, na aliyefungua ni mtoto wa miaka saba.

Nimesema Shalimar inajua kuupinga utamu wake. Uadilifu unanilazimisha kusema kwamba Angel nayo inajua, tena kwa ujasiri zaidi, kwa kuwa Shalimar ilikuwa na mirathi ya vizazi vya kuiegemea, na Angel ilifanya lisilokuwa limefanywa. Baada yake walikuja wafuasi wengi mno, manukato ya asali, ya chokoleti, ya karameli, na wengi wao walichukua sukari wakaiacha pachuli. Huo si udhaifu wa Angel. Kila mtunzi aliyefungua njia hufuatwa na wanaoiga vina bila kuiga mawazo.

Hata hivyo niliulizwa nichague, na kuchagua si kugawa sifa sawasawa kama tende za futari. Niliandika hivi katika daftari, na nanukuu kutoka daftari langu mwenyewe:

Shalimar ni kazi bora zaidi, kwa sababu inabadilika. Ikivaliwa alasiri, kufika isha imekwisha kuwa vitu vitatu, na cha tatu hakikutabirika kwa cha kwanza. Angel hubishana na nafsi yake tangu mwanzo hadi mwisho kwa hoja zilezile mbili; hoja nzuri, lakini zilezile. Katika joto letu, bergamoti ya Shalimar hutoa ule ubaridi wa mwanzo ambao ngozi ya mtu wa pwani inauhitaji ndipo iupokee utamu, ilhali Angel huvimba jua likipanda, na mchana wa Februari haivumiliki. Mwisho, na hili kwa biharusi ndilo kubwa, Shalimar hukubali udi. Nilipitisha mkono wa kulia juu ya chetezo na vitu viwili vikawa kimoja. Nilipopitisha wa kushoto viligombana. Angel haikubali udi.

Nilimsomea mpwa wangu hukumu hiyo, na nadhani niliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema: "Mjomba, Shalimar ni ya mama. Nikiivaa siku hiyo watu watamkumbuka yeye, na mimi nitakuwa nimesimama pale kama kabati lake."

Sikuwa nimelizingatia hilo. Nilikuwa nimejitahidi kuuondoa msiba wangu katika mizani, nikapima bergamoti na moshi, na sikujiuliza hata mara moja msiba wa nani mwingine umo katika ile chupa. Alichukua Angel. Shalimar aliniachia.

Usiku wa harusi, biharusi alipokuwa akitolewa nje, nilisimama pale mlangoni wanaposimama wajomba. Alipita karibu yangu. Nguo zake zilikuwa zimefukizwa tangu alasiri, na kilichotoka kwake hakikuwa udi na Angel vikigombana. Kilikuwa kitu kimoja, kizito, cha moshi na sukari na udongo, na kwa muda nilishindwa kukitenga sehemu zake. Nimefanya kazi ya kutenga sehemu kwa siku kumi na nne, na nilishindwa.

Baadaye nilimwendea somo wake, bibi wa makamo ya juu ambaye amewapamba maharusi wa mtaa huu tangu mimi ni kijana. Nilimwamkia, nikamweleza jaribio langu la chetezo. Akaniuliza nilichoma udi gani. Nikamwambia ni udi wa mti mtupu, vipande vizuri, nililetewa kutoka Dubai.

"Hapo ndipo," akasema. "Huo ni udi wa wanaume. Udi wa biharusi tunaupika, mwanangu. Tunaupika kwa nini?"

Nikanyamaza, kwa sababu nalijua jawabu tangu utotoni. Nimewaona mama na shangazi zangu wakiikoroga sufuria uani, na tulikatazwa kusogea.

"Kwa sukari," akanijibia. "Sasa hiyo sukari ya Mzungu ikija, itagombana na nini? Itakuta mwenzake."

Ile sentensi ya mwisho katika daftari langu naifuta. Zilizoitangulia zinabaki, Shalimar bado naiona kazi bora, na jioni moja moja naipaka kidogo mkono wa kulia, nikingojea bergamoti ipungue. Nilimwuliza somo ni nini kingine alichokitia katika udi ule, kwani palikuwa na kitu ambacho pua yangu haikukitambua. Akataja miski, akataja maji ya mawaridi na mafuta ya sandali, akafika kwenye cha nne akanyamaza. "Hicho kamwulize mkeo," akasema. Mke wangu naye, mpaka naandika haya, hajaniambia.